Justa Ambrosi Nnunduma (1969–2025), Aliyekutanisha Midomo na Sauti Zake

"Nileteeni mdomo wowote wa mkoa huu, na sauti yoyote iliyoupotea, mimi nitavikutanisha. Nikishindwa, nirudisheni kwenye cherehani, tena ile ya mguu!"

Maneno hayo marehemu Justa Ambrosi Nnunduma aliyasema kwa kipaza sauti, Jumapili ya tarehe 25 Agosti 2013, kwenye mnada wa mavuno wa kanisa hapa Lindi mjini. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alikuwa amekwenda mbele kuchukua jogoo aliyemnunua mnadani, akakuta kipaza kiko wazi. Alikishika kwa mkono mmoja na jogoo kwa mkono wa pili, akatangaza. Waliokuwepo wanasema kati ya wale wawili, jogoo ndiye aliyeonyesha aibu.

Kwa miaka minne baada ya tambo hilo hakuna aliyemrudisha kwenye cherehani. Watu walileta video za harusi, za ubatizo, za mahafali, za mikutano ya ushirika, sauti ikiwa huku na midomo kule, naye akavikutanisha. Kisha ukaja mdomo mmoja uliomshinda, na ulikuwa wa mume wake. Wasifu huu ni wa maisha yake yote, lakini sehemu kubwa itaangukia mdomo huo, kwa sababu na yeye miaka yake ya mwisho aliiangushia huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1969 katika kijiji cha Kilangala, wilaya ya Lindi, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Ambrosi Nnunduma na Bi Benadetha, wote wameshatangulia, wakulima wa korosho na ufuta. Alipokuwa na miaka sita hivi, alikaa ng'ambo ya bonde akimtazama baba yake akipasua kisiki. Shoka lilishuka kimya. Lilipokuwa linainuka ndipo mlio ulipofika. Mtoto mwingine angeendelea kula bibo lake. Justa alivuka bonde kwenda kuuliza.

"Baba, mbona kisiki kinalia ukishaondoa shoka?"

"Macho yana baiskeli, mwanangu. Sauti inakuja kwa miguu."

Siku ile alishinda akipanda na kushuka bonde, akitafuta mahali ambapo shoka na mlio wake vinakutana. Jioni alitoa taarifa: "Vinakutana miguuni pako tu, baba." Mzee Ambrosi aliisimulia habari hiyo mpaka mwisho wa uhai wake, na hakuacha kuongeza kwamba siku hiyo kuni za nyumba nzima hazikuokotwa.

Alisoma Shule ya Msingi Kilangala kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Ripoti zake zipo, na zinasema: hesabu, vizuri, kazi za mikono, vizuri sana, tabia, kelele nyingi. Mwaka 1985 alikwenda kwa masista kujifunza ushonaji, mafunzo ya miaka miwili, akaacha ikiwa imebaki miezi mitano, kwa sababu Bi Benadetha aliugua na shamba lilihitaji mtu. Cheti hakupata. Ukoo huu una kipaji cha kuacha masomo njiani, na wapo waliofuata nyayo zake kwa bidii kubwa. Tofauti ni kwamba yeye aliachia njiani na bado akafika.

Mwaka 1988 alihamia mjini, akaweka cherehani yake barazani kwenye nyumba ya kupanga, Mtanda. Walioshonewa naye wanaikumbuka mikono ya magauni. Kichwa cha mkono wa gauni siku zote kinazidi kidogo tundu la bega kinapoingia. Fundi mbovu huirundika ile ziada mahali pamoja, na bega linaota nundu. Justa aliweka alama za chaki, kisha akaigawa ziada kati ya alama na alama, kila inchi ikibeba kidogo, mpaka inamezwa bila kukatwa. "Usikate," aliwaambia mabinti waliojifunza kwake. "Gawa." Kumbe alikuwa anajifundisha kazi yake ya pili na hajui.

Kazi hiyo ya pili ilianza mwaka 2003, aliponunua kamera ya kanda iliyokwishatumika. Sauti aliinasa pembeni kwa kifaa kingine, kwa sababu kipaza cha ile kamera kilisikia upepo vizuri kuliko watu. Ili baadaye ajue sauti inaanzia kwenye picha ipi, alikuwa akipiga kofi moja mbele ya kamera. Mikono inaonekana ikikutana, mlio unasikika, basi hapo pameshonwa. Harusini hakuna aliyejali kofi lake. Mwaka 2008 akaitwa kijijini Pande, wilaya ya Kilwa, kurekodi mazishi ya mzee mmoja Mkatoliki. Jeneza limewekwa, watu wametulia kimya, katekista anafungua kitabu. Justa akasimama mbele ya jeneza, akapiga kofi moja la nguvu.

Mjane, Bi Tekla, akainua kichwa. "Wewe binti wa Lindi, unampongeza nani?"

"Nisamehe, mama. Ni alama tu, ya kazi."

"Sisi tunazika, wewe unaanzisha mpira?"

Aliondolewa mpaka nyuma ya jiko, na aliruhusiwa kurudi makaburini kwa sharti la kusimama mbali na kuweka mikono mahali inapoonekana. Hakuwa na kofi lingine. Alipofika nyumbani alitafuta mahali pa kuanzia akapaona pamoja tu: mkono wa Bi Tekla ukifunguka juu ya kaburi, na udongo wa kwanza ukigonga jeneza. Akaanzia hapo kurudi nyuma, akaanzia hapo kwenda mbele, na video ikakaa. Tangu siku hiyo hakupiga kofi tena popote, hata harusini. "Watu wanajiwekea alama wenyewe," alisema. "Mtu anafunga kitabu, anaweka bilauri mezani, anakohoa. Kazi yangu ni kuona." Bi Tekla alimtumia debe la mihogo, pamoja na salamu kwamba makofi abaki nayo.

Kwa mnaodhani kazi hii ni kubonyeza tu, vumilieni kidogo. Video ni picha nyingi zisizotembea, zinazopitishwa haraka mpaka jicho linakubali kudanganywa. Kamera ya zamani ilikuwa na nidhamu: picha ishirini na tano kila sekunde, iwe mvua iwe jua. Zilipoingia simu, nidhamu ikaisha. Penye mwanga simu inapiga picha thelathini kwa sekunde. Ukumbi ukiwa na giza inapunguza, ishirini, kumi na tano, ili kila picha ishibe mwanga. Ikipata joto inapunguza tena, inajipumzisha. Sauti haina habari na mambo hayo. Inakwenda mwendo wake ule ule kama mtu anayewahi ibada ya kwanza. Matokeo yake, mwanzo wa video baba paroko anasema kwa mdomo wake mwenyewe. Ikifika dakika ya kumi, mdomo umefunga, ameshakaa, na sauti ndiyo kwanza inasema "Ndugu zangu". Mafundi wengine waliishika sauti nzima wakaisukuma kwa pamoja, mwisho ukakaa na mwanzo ukaharibika. Justa alilitazama tatizo hilo siku mbili akasema, "Hili ni bega."

Akaweka alama, akagawa. Kompyuta alikuwa ameishika kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na nne.

Alama zake kubwa aliziita vifungo. Midomo ya binadamu lazima ifumbe kwenye m, kwenye b na kwenye p. Hata aliyebakiwa na meno mawili atafumba. "Mungu anatupendelea Waswahili," alikuwa akisema. "Sikiliza: baba, mama, babu, bwana, na Mungu mwenyewe. Maneno yetu yana vifungo kuliko kanzu ya padri." Alikuwa anaweza kutazama harusi ya watu asiowajua, sauti imezimwa, akataja kila mdomo ulipofumba, huku anamenya vitunguu. Waliomwona akifanya hivyo walitoka nje wakiwa wamepunguza maneno.

Tarehe 10 Oktoba 1992 alifunga ndoa na Jerome Chilumba, karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Kazi ya Jerome ilikuwa kusoma uzito wa magunia kwa sauti, ili mkulima asikie, karani wa daftari asikie, na mbwa wa ghala naye asipitwe: "Kilo sitini na mbili na nusu!" Nyumbani alizungumza hivyo hivyo, chumvi aliiomba kwa sauti ya gunia. Lakini maneno yenyewe yalikuwa machache. Mapenzi yake kwa watoto yalikuwa kuwapandisha juu ya mizani ya ghala kila Krismasi na kutangaza walivyoongezeka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Angela mwaka 1994 na Cletus mwaka 1998.

Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2017, familia ilimuaga Angela katika ukumbi mmoja hapa mjini, kabla ya ndoa yake na Frank, mwalimu wa Kilwa Masoko. Justa alikuja na kamera begani. Shangazi Antonia, dada yake Jerome, akamkuta mlangoni.

"Weka hiyo chini. Leo wewe ni mama wa mwali, si fundi."

"Nitakuwa mama huku napiga."

"Utakuwa mama umekaa. Na ulie kama wenzako, watu wanatazama."

Aliruhusiwa jambo moja tu, kuweka kinasa sauti chake mezani chini ya kipaza. Picha alikabidhiwa shemeji yake Augustine, mdogo wake Jerome, ambaye alikuwa na simu mpya. Augustine ni mtu mwema sana. Hilo lieleweke kabla ya mengine kusemwa.

Jerome alisimama kumwambia binti yake maneno ya kuondokea. Alizungumza dakika kumi na moja, na hakutaja kilo hata mara moja. Kwa desturi yetu, mwali akisemwa na baba yake hainui uso. Angela aliinama chini ya mtandio mwanzo mpaka mwisho. Alichokiona siku ile ni ncha za viatu vya baba yake. Katikati ya maneno Jerome alinyamaza ghafla, kama sekunde nne, na mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Mizani imegoma!" Ukumbi mzima ukacheka. Jerome akakohoa, akaendelea.

Tarehe 3 Machi 2018, Jerome alifariki nyumbani kwa shinikizo la damu, bila kuugua hata siku moja. Baada ya arobaini Angela alikuja kutoka Kilwa akiwa na ombi.

"Mama, maneno ya baba ninayo yote kichwani. Uso wake ndio sikuuona. Nataka nimwone ananiambia."

"Hilo tu?" alisema Justa. "Kesho utamwona."

Akafungua video ya Augustine kwa mara ya kwanza, na Augustine mwenyewe amekaa pembeni.

"Shemeji, mbona hapa kaka yako anaongea kama anatafuna muwa?"

"Hapo niliweka slomo, shemeji, ule mwendo wa taratibu. Palikuwa na uchungu."

"Na hapa?"

"Uchungu tena."

"Na hapa anaporuka kama kuku aliyekatwa shingo?"

Augustine alisogelea kioo cha kompyuta. "Hapo kidole kiliteleza, ikaenda kwenye ule mwendo wa mbio. Nilipostuka dakika imepita."

"Nani alikutuma?"

"Si wewe, shemeji? Kwenye video zako zote, pakifika pa kulia unaweka slomo. Nikajua ndiyo ufundi."

Justa akavuta kiti karibu na kompyuta. Alihesabu hasara. Palikuwa na sehemu saba za mwendo wa taratibu. Palikuwa na dakika moja iliyokimbizwa mpaka ikabakiwa na picha za sekunde nane. Umeme ulikuwa umekatika ukumbini, na mpaka jenereta lilipowashwa simu ilikuwa imepunguza picha kwa kutafuta mwanga. Sauti ya kwenye simu yenyewe ilikuwa imevutika pamoja na picha, Jerome ananguruma kama trekta. Sauti safi ilikuwa kwenye kinasa, dakika kumi na moja kamili. Picha zilikuwa dakika kumi na tisa.

"Hili si bega," alisema hatimaye. "Hili ni gauni la mtu mmoja lililoshonwa kwa vipimo vya watu saba."

Kesho ile aliyomwahidi Angela ikawa miaka saba.

Alifanya kazi hiyo asubuhi, akitoka ibadani na kabla wateja hawajafika. Katika daftari la mistari aliandika kila neno la Jerome na kupigia duara kila kifungo. Vilikuwa mia nne na kumi na viwili. Kila kimoja alikitafutia picha yake, picha moja ambamo midomo ya Jerome imekutana, kati ya maelfu ambamo imeachana. Akipata viwili, anagawa kati yake. Akikosea kimoja, vyote vinavyofuata vinahama, na anarudi nyuma. Kuna kifungo kimoja, cha kwenye neno "amani", kilichomchukua Kwaresima nzima.

Ile dakika iliyokimbizwa haikuwa na midomo ya kutosha kukidhi maneno. Cletus alimpa mama yake ushauri wa kijana.

"Chukua midomo ya pale mwanzo, mama, bandika hapa. Nani atajua?"

"Baba yako atajua."

"Baba hayupo."

"Ndiyo maana. Hawezi kukataa."

Hakubandika. Alizipanga zile picha chache kama picha za ukutani, kila moja ikasimama kwa muda wake, na sauti ikapita juu yake. Mjini watu walishapata habari, na mjini ni mjini. "Mama Angela, ile cherehani ya mguu umeshaipaka mafuta?" walimuuliza sokoni. "Naipaka," alijibu, akiendelea kuchagua nyanya.

Mpaka mwisho wa mwaka 2022 alikuwa amekutanisha kila kifungo chenye picha, na bado video haikukaa. Kilichobaki ni zile sekunde nne za kimya. Kimya hakina kifungo. Mwisho wake aliujua, ni pale Jerome alipokohoa kwenye ngumi. Mwanzo wake ndio hakuupata, kwa sababu Augustine alikuwa amebadili mwendo hapo hapo. Aliendelea kutafuta picha za Jerome akiwa ametulia na mdomo wake, kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Hazikuwepo. Alipekua sehemu hiyo kwa miezi kumi, akaanza kusema kwamba labda simu ilizimeza.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Dar es Salaam kwa vipindi vitatu, akifuatana na Cletus, na kila aliporudi aliuliza kwanza kama kompyuta imefunikwa vumbi lisiingie. Wauguzi walimpenda kwa sababu alikuwa anawaigiza madaktari bila sauti, midomo tu, na wao wanamtambua kila mmoja. Februari 2025 alirudi Mtanda moja kwa moja. Daktari alikuwa amesema ukweli, naye aliupokea bila kuupigia kelele. Kwa Angela alisema jambo moja: "Baba yako bado hajamaliza kuongea."

Dawa zilimwacha na maumivu masikioni, asiweze kuvaa hedifoni. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, alizitoa, akaamua kutazama ile sehemu bila sauti kabisa, kwa mwendo ule ule wa taratibu aliouacha Augustine. Kwa mara ya kwanza hakuwa anatafuta mdomo uliotulia. Alikuwa anatazama tu. Na mdomo wa Jerome haukuwa umetulia.

Binti aliyekuwa anamhudumia anasema alimsikia akicheka peke yake, kisha akaomba wamsogezee kompyuta karibu.

Akatumia wiki sita, nusu saa kwa siku, siku nyingine dakika kumi. Kwa mwendo wa kawaida midomo ile ingepita upesi na jicho lingemwona mtu aliyekwama, kama tulivyomwona sote ukumbini. Kwa hiyo Justa, ambaye maisha yake yote hakukubali sauti isogee hata unywele kwa ajili ya picha, aliisimamisha sauti ya mume wake pale pale, akaiambia isubiri. Picha ikaachwa iende polepole. Sekunde nne zikawa nusu dakika.

Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Angela alikaa kitandani kwa mama yake, kompyuta ikiwa juu ya mto. Cletus alikaa sakafuni. Augustine alisimama mlangoni, tayari kuondoka ikibidi. Jerome akaonekana, suti yake ya kijivu, akaanza kuzungumza, na kila neno likatoka mdomoni mwake. Angela aliinua uso akamtazama baba yake dakika tano nzima. Kisha sauti ikasimama.

"Mama, imekwama?"

"Haijakwama. Tazama mdomo. Hesabu unavyofumba."

Midomo ya Jerome ilikutana, ikaachana, ikakutana, ikaachana. Ikapumzika. Ikaanza tena, mara mbili. Ikapumzika. Ikaanza tena. Jerome hakuwa na kawaida ya kumwita binti yake Angela. Binti huyu alirithi pia jina la bibi yake mzaa baba, Apolonia, na baba alimwita kama alivyomwita mzazi wake.

"Ananiita," alisema Angela. "Anasema 'mama'."

"Mara tatu," alisema Justa. "Sauti ndiyo haikutoka. Sisi tukacheka."

Jerome akakohoa, maneno yakaendelea. Augustine alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "nisingeligusa lile slomo..."

"Ungepiga vizuri tusingeona kitu," alisema Justa. "Lakini usijisifu. Ile dakika uliyoikimbiza sijakusamehe."

Angela aliirudia video mara nne. Mara ya nne Justa alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inayafuata maneno ya Jerome, neno kwa neno, bila kupishana nayo. Baadaye akaomba uji, akanywa nusu kikombe, akasema chumvi imezidi.

Marehemu Justa alifariki dunia nyumbani kwake Mtanda, Jumanne ya tarehe 5 Agosti 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Anazikwa leo, Alhamisi, tarehe 7 Agosti, kijijini kwao Kilangala, kando ya wazazi wake na mume wake.

Ameacha watoto wawili, Angela na Cletus, mkwe mmoja, Frank, wajukuu wawili, kaka mmoja na wadogo wawili, Shangazi Antonia, ambaye leo ameagiza kila mtu alie akiwa amekaa, mabinti kumi na wanne waliojifunza kwake cherehani, na watatu waliojifunza kukutanisha sauti, na shemeji yake Augustine, ambaye familia imemwomba kwa heshima zote leo asishike simu.

Ee Mungu, mpokee Justa, umpe pumziko kwa kadiri ya uvumilivu wake.

Wengi wameomba nakala ya video ya Jerome. Ipo moja tu, anayo Angela. Flashi ambamo mama yake aliiweka ilinunuliwa Mtanda, kwenye duka la vifaa vya simu, shilingi elfu tisa.